Kuchagua Pasi Isiyo na Waya: Fundi Ajue Kazi Yake Kabla ya Kutoa Pesa

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikundi vya ushonaji, mafundi wa nguo na wanafunzi wa vyuo vya ufundi katika kaunti.



Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Ndiyo maana kifaa kinachoonekana kidogo kama pasi kina nafasi yake katika mazungumzo ya kaunti. Fundi wa nguo ana vifaa vitatu vinavyompa riziki: makasi, cherehani na pasi. Kabla ya kununua cherehani, fundi huuliza maswali mengi. Pasi nayo mara nyingi huchaguliwa kwa rangi na bei. Kisha pasi hiyo hiyo, ikiwa na joto linalokaribia nyuzi 200, huwekwa juu ya kitambaa cha mteja.

Chukueni mfano wa kikundi cha wanawake kumi. Baadhi yao hushona mifarishi, yaani yale mablanketi ya viraka ambayo wengi huyaita kwilti. Wengine hushona sare za shule. Wamechanga pesa kwa miezi kadhaa na sasa wanataka kununua pasi ya umeme isiyo na waya. Mshonaji wa mifarishi anaitaka kwa sababu amechoka na waya unaovuta viraka mezani. Mshonaji wa sare haitaki, anasema itamchelewesha. Mweka hazina naye anasema hakuna haja ya kutoa pesa, kwa kuwa dada yake aliye Marekani yuko tayari kuwatumia moja. Watatu hao hawajakubaliana, na pesa za kikundi ziko mezani. Mazungumzo haya yatawafuata mmoja baada ya mwingine.

Pasi hii hufanya kazi vipi

Pasi isiyo na waya si jambo geni katika nchi hii. Pasi ya makaa, ile yenye kijogoo kwenye kifuniko, haijawahi kuwa na waya. Waya ulikuja na umeme. Mwaka 1882 Henry W. Seeley wa New York alipewa hataza ya pasi ya umeme, na tangu hapo pasi imefungwa kwenye ukuta. Pasi hii mpya inarudi kwenye mtindo wa zamani wa kubeba joto lako mkononi.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Pasi ya makaa huzalisha joto muda wote makaa yanapowaka. Pasi ya umeme isiyo na waya hukopa joto, kisha hulitumia mpaka liishe. Waya upo, ila umeunganishwa kwenye stendi. Pasi ikikaa juu ya stendi, vyuma vyake vidogo hugusana na vya stendi, umeme hupita, na bamba la chini hupata moto. Pasi ikiinuliwa, umeme hukatika hapo hapo. Kuanzia sekunde hiyo joto linapungua, na halitaongezeka mpaka pasi irudishwe.

Wengi hudhani kuna betri ndani, kama ile ya simu. Kwa kawaida hakuna, na sababu yake inaeleweka kwa hesabu. Pasi nyingi za aina hii huvuta wati 1500 hivi. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ile inayobebwa kwa mikono miwili, ikijaa kabisa ina wati-saa 1200. Haiwezi kuendesha pasi kama hiyo kwa saa moja mfululizo. Kwa sababu hiyo, anayetegemea mtambo mdogo wa sola nyumbani asinunue pasi hii akitarajia kuitumia kwa sola.

Jambo la pili ni mvuke. Mvuke ndio mlaji mkubwa wa joto la pasi. Chukueni bamba la aluminiamu lenye uzito wa nusu kilo. Kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani mililita 5, kikigeuzwa kuwa mvuke hushusha joto la bamba hilo kwa karibu nyuzi 28. Vijiko vitatu hulishusha kwa zaidi ya nyuzi 80. Bamba lililoanza na nyuzi 200 sasa haliwezi tena kunyoosha pamba. Ikirudishwa kwenye stendi ya wati 1500, joto lililoliwa na kijiko kimoja hurudi kwa takriban sekunde 10, na la vijiko vitatu kwa karibu nusu dakika. Hesabu hii ndiyo inayoamua nani afurahie pasi hii na nani ajutie.

Mshonaji wa mifarishi

Kazi ya viraka ina mwendo wake. Fundi hushona viraka viwili pamoja, huweka mshono mezani, huugandamiza kwa pasi kwa sekunde chache, huinua pasi, kisha hurudi kwenye cherehani. Pasi inapumzika muda mrefu kuliko inavyofanya kazi. Kila ikipumzika juu ya stendi, inajaza joto. Kwa hiyo mwendo wa fundi na mwendo wa pasi vinakwenda sambamba.

Kuna faida nyingine. Waya unapopita juu ya viraka vilivyopangwa, huvisogeza. Mshono wa viraka kwa kawaida huachiwa robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Mstari wa mfarishi wenye mishono 12, kila mshono ukikosea kwa milimita moja, mwisho wake utapungua au kuzidi kwa milimita 12. Hapo pembe hazikutani tena, na mnunuzi huliona kosa hilo kabla hajauliza bei. Makosa hayo yanaweza kutokea mezani pa pasi pia, si kwenye cherehani peke yake.

Kwa sababu hiyo fundi wa viraka hujifunza kugandamiza pasi badala ya kuiburuta. Kuburuta huvuta kitambaa, hasa kilichokatwa kwa mshazari, na kiraka cha mraba hugeuka kuwa cha pembe zisizo sawa. Mpangilio mzuri ni huu: mshono ugandamizwe kwanza ulivyotoka kwenye cherehani, ukiwa bado umefungwa. Kisha ufunguliwe, na kingo zake zilazwe upande wa kitambaa chenye rangi nzito ili zisionekane kwenye rangi nyepesi. Pasi iinuliwe, iwekwe mahali pengine, iinuliwe tena.

Mvuke nao utumike kwa uchache. Maji na joto kwa pamoja hulegeza nyuzi, na kiraka kidogo hunyooka zaidi ya kipimo. Mafundi wengi wa mifarishi hutumia pasi kavu na kunyunyiza maji kidogo kwa chupa pale panapokaidi. Njia hiyo pia huisaidia pasi isiyo na waya kuhifadhi sehemu kubwa ya joto lake. Mshonaji huyu, basi, ana sababu nzuri ya kuitaka.

Mshonaji wa sare

Kazi ya sare ni tofauti kabisa. Mashati ishirini na sketi za mikunjo ishirini lazima vikamilike kabla shule hazijafunguliwa. Hapa pasi haipumziki. Mkunjo mmoja wa sketi hupigwa pasi kutoka kiunoni hadi kwenye pindo bila kuinua, kisha unaofuata, tena kwa mvuke. Pasi isiyo na waya itaanza shati ikiwa moto na kulimaliza ikiwa vuguvugu. Fundi atasubiri, atarudia, na mwishowe ataongeza joto kupita kiasi ili kufidia muda. Sare nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Poliesta ikipata joto kupita kiasi hung'aa, na mng'ao ule hauondoki.

Vile vile, kuna kile kitambaa cha ndani kinachogandishwa kwa joto kwenye kola na vishikizo vya mikono. Gundi yake huhitaji joto lisilobadilika kwa sekunde 10 hadi 15 kila mahali pasi inapowekwa. Pasi inayopoa katikati ya kazi huiacha gundi haijashika vizuri. Nguo ikifuliwa mara mbili au tatu, kola hufanya mapovu. Mteja hatalaumu pasi, atamlaumu fundi.

Kwa hiyo mshonaji wa sare naye hakukosea. Kwa kazi yake, pasi nzuri yenye waya ndiyo chombo. Vivyo hivyo kwa anayenyoosha mapazia, shuka na vitambaa virefu kabla ya kukata. Kikundi kinachofanya kazi zote mbili kisiuze pasi yake ya waya ili kununua isiyo na waya. Ya pili ni nyongeza ya ya kwanza.

Mweka hazina na pasi ya Marekani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Nyumba za Marekani na Kanada hutumia volti 120 kwa vifaa kama pasi, na za Japani hutumia volti 100. Pasi iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee ikichomekwa kwenye volti 240, volti huongezeka mara mbili lakini nguvu huongezeka mara nne. Pasi ya wati 1500 hujaribu kuvuta wati 6000. Matokeo yake ni harufu ya kuungua, fyuzi kukatika, au moto.

Adapta ndogo inayouzwa madukani haisaidii. Kazi yake ni kubadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zile zile. Transfoma ya kushusha volti ipo, lakini yenye uwezo wa kubeba wati 1500 ni nzito na ina bei yake. Zawadi inakuwa mzigo.

Dada huyo hana kosa, na nia yake ni njema. Kabla hajalipia, asome kibandiko kilicho chini ya stendi. Kikisema 120V peke yake, pasi ibaki huko huko. Kikisema 220-240V, inafaa hapa. Jamaa walio Uingereza au Oman wana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa umeme wa huko unakaribiana na wa Kenya na plagi yao ya pini tatu za mraba ni kama ya hapa. Hata hivyo, dada anaweza kutuma pesa, na kikundi kikanunua pasi yenye risiti na dhamana ya hapa nyumbani.

Mambo ya kuangalia dukani

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Mnunuzi anayeuliza maswali dukani hasumbui mtu. Anatumia haki yake.

Kwanza, asome volti na wati kwenye kibandiko. Bidhaa iliyoagizwa kutoka nje inapaswa kuwa na kibandiko cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na shirika hilo lina huduma ya ujumbe mfupi kwa nambari 20023 ya kuhakiki alama zake. Kibandiko kilichochakaa au kilichobanduliwa nusu ni sababu ya kutafuta duka lingine.

Pili, aombe pasi ichomekwe. Iachwe ifikie joto la juu, kisha ainue na kugandamiza kipande cha pamba chenye unyevu kidogo kwa nusu dakika. Anyooshe kipande kingine papo hapo bila kuirudisha. Kama mikunjo bado inatii, pasi hiyo ina joto la kutosha kwa kazi ya viraka. Kisha airudishe kwenye stendi na kuhesabu sekunde mpaka taa ionyeshe iko tayari.

Tatu, aishike mkononi ikiwa na maji. Fundi huiinua pasi mara mamia kwa siku. Tofauti ya gramu mia mbili haionekani dukani, lakini huonekana begani jioni.

Nne, aangalie bamba. Liwe laini bila mikwaruzo, na ncha yake iwe nyembamba ya kuingia kwenye pembe za viraka. Baadhi ya pasi za aina hii zina ncha mbele na nyuma, na hizo humfaa anayepiga pasi kwenda na kurudi. Aitikise pia pasi ikiwa na maji. Ikidondosha sasa, itadondosha juu ya kitambaa.

Tano, aiweke na kuiondoa kwenye stendi mara kadhaa. Itulie bila kulazimishwa. Stendi na pasi ni kitu kimoja. Stendi ya pasi nyingine haitakubali, na ikiharibika, pasi nzima imekufa. Aulize kama stendi hupatikana peke yake, na jibu la muuzaji liandikwe kwenye risiti.

Sita, aulize kuhusu maji. Maji ya visima vingi vya kuchimba yana chumvi inayoziba matundu ya mvuke. Kitabu cha maelezo husema ni maji gani yanayofaa. Asiyeweza kuyapata kila siku aitumie pasi kavu, na chupa ya kunyunyiza iwe pembeni.

Usalama

Watu wamezoea kuamini kwamba pasi isiyochomekwa imepoa. Pasi hii huvunja mazoea hayo, kwa kuwa hukaa mezani bila waya wowote ikiwa na joto la kuunguza. Mtoto hawezi kuivuta kwa waya, na hiyo ni afueni, lakini anaweza kuishika akidhani ni kifaa cha kuchezea. Kanuni iwe moja: pasi iko mkononi au iko kwenye stendi. Hakuna mahali pa tatu. Kazi ikiisha, swichi ya ukutani izimwe, maana stendi bado ina umeme.

Plagi ya pini tatu hubeba ampea 13, ambazo kwa volti 240 ni wati 3120. Pasi ya wati 1500 na birika la umeme la wati 2000 kwenye ekstensheni moja ni wati 3500. Mzigo huo umepita kipimo, na waya huanza kupata moto mahali ambapo hakuna anayeona. Pasi ichomekwe peke yake kwenye soketi ya ukutani.

Stima ikipotea, pasi hii haina msaada baada ya dakika moja au mbili. Pasi ya makaa isitupwe. Lakini itumike mahali penye hewa, mlango na dirisha vikiwa wazi, kwa sababu makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu ambayo huua waliojifungia ndani.

Mwisho, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mweka hazina aandike tokeni zilizosalia kwenye mita asubuhi na jioni, kwa wiki moja ya pasi ya zamani na wiki moja ya pasi mpya, kazi ikiwa ile ile na vifaa vingine vikitumika kama kawaida. Daftari hilo litakiambia kikundi gharama halisi kuliko tangazo lolote.

Wale wanawake kumi, basi, wana jibu. Pasi ya waya ibaki kwenye meza ya sare. Isiyo na waya, ya volti 240, inunuliwe kwa ajili ya meza ya viraka, baada ya kujaribiwa dukani mbele ya wanachama angalau wawili. Dada wa Marekani aambiwe asante, na atume mchango badala ya pasi. Na kama pesa zinatosha pasi moja tu, inunuliwe ile inayofaa kazi inayoleta pesa nyingi zaidi kikundini, hata kama haina sura ya kisasa.